Shimo la Tisa

Mdogo wangu Muhannad karudi masomoni Ufini
na begi la visahani vya plastiki, kumi na kimoja.
Mchezo huu, dada, akasema, hautaki ila uwanja.
Uwanja tunao: nyuma ya jiko, hapa Ibra,
kokoto, mitende saba, mlimau mmoja mkorofi,
na mfereji wa falaji unaopita bila kumsalimu mtu.

Basi tukajenga.
Tenga la nguo la mama likawa kikapu cha kwanza
(alilitafuta siku mbili; sisi hatujui lolote).
Minyororo tuliing'oa kwenye pembea
ile iliyonivunja jino nikiwa darasa la pili.
Dishi la zamani, lililotuletea Unguja kwa chenga,
tukalilaza chali juu ya bomba.
Pipa la rangi. Ringi ya gari la marehemu baba.
Tunaviita mashimo
ingawa hakuna aliyechimba kitu.

Kutupa kwenyewe si kutupa.
Unakunja mkono kifuani kama mwenye siri,
unaukunjua, na kiganja kinaachia
kabla moyo haujabadili nia.
Changu mimi huishia mlimauni.
Mikwaruzo imefika kiwiko;
kazini wanadhani nafuga paka.

Shafiqul, anayetumwagilia mitende,
alitutazama wiki nzima kaegemea jembe.
Ijumaa akanyoosha mkono: nipe.
Akakirusha kama anayefyeka mpunga kwao,
chini, chini kabisa, juu ya maji,
kikaingia minyororoni kwa mlio wa bangili.
Tangu siku hiyo yeye ndiye mwandishi wa matokeo,
kwa tarakimu za kwao
ambazo hatuwezi kuzibishia.

Ikaja Julai. Visahani vikalegea kama chapati.
Baada ya alasiri, shimo la tisa,
Muhannad kakirusha chekundu, kipenzi chake,
na upepo ukakipokea mkononi kama mwizi
ukakivusha ukuta.

Kwa Bi Shamsa.

Miaka miwili hatusalimiani.
Nusu saa ya maji ya falaji:
baba alisema ni yetu, mumewe alisema ni yao.
Wote wawili wamekwishazikwa,
nusu saa bado iko hai.

Tukaendelea na vilivyobaki
tukijifanya tunahesabu.

Baada ya magharibi, mlango.
Mjukuu wake, peku, amekibeba kwa mikono miwili
kama mtu aliyebeba maji ya kujaa.
Juu yake rutabu, zimefunikwa karatasi laini.
"Bibi anasema, sahani yenu."
Akakimbia.

Muhannad akataka kucheka: jamani, hii si sahani!
Mama akamkata jicho.
Chombo kikija na kitu, akasema,
kwa Kiswahili cha Wete ambacho jua la huku halijakipausha,
hakirudi kitupu.
Usiku ule nyumba ilinukia hiliki.
Vitumbua saba, vimepangwa duara,
juu ya maandishi madogo yanayosema
gramu mia moja sabini na tano.

Kikaenda. Kikarudi na halua.
Kikaenda na sambusa, kikarudi na ndimu,
kana kwamba sisi hatuna mlimau
(nilizila kwa chumvi, kimya).
Maji hakuna aliyeyataja.

Kila Ijumaa Muhannad anauliza:
kile chekundu kiko wapi? Ndicho kinachoruka.
Kiko njiani, mama anamjibu.
Shimo la tisa tunalicheza kwa cha buluu,
kizito, kivivu, kinachodondoka upande wetu wa ukuta.

Lakini juzi zamu ilikuwa ya Shafiqul,
asiyekosea hata akifumba jicho moja.
Akakunja, akakunjua,
na cha buluu kikapaa, kikapita kikapu, kikapita ukuta,
tukasikia kikigonga sufuria uani kwa watu.

Upepo, akasema,
akainama kuandika.
Hapakuwa na kuti lililotikisika.